Tepe Kumi na Tano

Larch Fork, Idaho
9 Machi 1997

Dada Thora,

Nyonga yako inaendeleaje? Mama alitufundisha kuuliza afya kwanza ndipo ugomvi ufuate, basi nimeuliza. Goti langu bado linanisumbua kila nikipanda ngazi, ila hilo unalijua vizuri kuliko daktari wangu, maana umelitia kitabuni na sasa linauzwa nchi nzima.

Nimekisoma hicho kitabu. Nakala nimeazimwa na Lorraine wa mkahawani, sikuipata kwako, dada yangu wa tumbo moja. Nimekisoma siku mbili mfululizo bila kuvua koti, kwa hasira, mpaka nikasahau kuwalisha farasi. Huyo Gunnar Voss wako, kiongozi wa waokoaji wa kujitolea, ana goti bovu la kushoto. Anatafuna kijiti cha kiberiti. Anakunywa kahawa kwenye kikombe cha bati cha buluu kilichobanduka ukingoni. Thora, kikombe chenyewe kiko mbele yangu hapa! Ulishindwa hata kumpa chekundu?

Halafu huyo Gunnar anaua mtu, anaongoza wenzake kwenda kumtafuta, na anapaka ramani rangi kwamba pameshapitwa, ili wasikanyage pale alipomficha. Ukurasa wa mia mbili na kumi. Nimeurudia mara nne.

Jana nimeingia kwa Lorraine, kabla sijakaa Buck Tolliver akapaza sauti kutoka kaunta: "Karibu, Gunnar! Leo umemzika nani?" Watu wakaangua kicheko na mayai mdomoni. Lorraine naye, anayejiita rafiki, akaniuliza, "Nels, kahawa uinywe hapa au nikufungie uende nayo eneo la tukio?" Miaka ishirini na sita niko kwenye kikosi hiki bila mshahara. Nimemteremsha mgongoni mama wa huyo huyo Buck kutoka Ziwa la Chumvi kule mlimani na mguu wake umevunjika. Leo nimekuwa kichekesho cha kifungua kinywa.

Hayo ningeyameza. Lakini Bi Wilma Ostrander naye amekinunua. Nimemwona akitoka nacho dukani amekibana chini ya kwapa. Ulimfikiria hata kidogo? Mwanawe Dale tulimtafuta mwaka 1989 hatukumpata, na kila Oktoba tangu mwaka uliofuata mama huyu anatuletea kwenye kibanda cha kikosi pai ya beri za mlimani, kutushukuru kwamba tulijaribu. Beri anazichuma mwenyewe, na umri wake ule. Sasa wewe unampa kitabu kinachosema waokoaji ni waongo!

Nataka uandike kwenye gazeti useme wazi kwamba yote ni ya kubuni na kikosi cha Larch Fork hakihusiki. Usipofanya hivyo, usijihesabu tena kuwa una ndugu huku.

Mdogo wako (kwa sasa),
Nels


Boise
20 Machi 1997

Nels, mdogo wangu,

Nyonga ni mbaya, asante kwa kuuliza. Watanikata Julai waniwekee ya chuma. Goti nalo nakuombea lipone, na hapo sitanii.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka kwa Buck na mayai yake, kisha kicheko kikakatika. Umekasirikia goti. Umekasirikia kikombe. Umekasirikia mauaji, ambayo mimi na wewe tunajua niliyabuni hapa mezani kwa sababu mchapishaji wangu hataki kitabu cha upelelezi kisicho na muuaji. Ila kuhusu ramani umetaja ukurasa, umesema umeurudia mara nne, ukapita. Hukusema ni uongo. Mtu ambaye hana la kuficha angeanzia hapo hapo, angenifokea mpaka kalamu ivunjike.

Basi ngoja niseme mimi, maana nimechoka kulizungukia.

Jumapili ile, tarehe 15 Oktoba 1989, Dale ana siku ya tatu tangu aende kuwinda kulungu. Ulitupeleka eneo la saba, juu ya Kijito cha Badger, wanane kwenye mstari. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho upande wa juu. Kazi yangu ilikuwa kufunga utepe wa rangi ya chungwa mtini kila baada ya hatua hamsini, nikiandika T.H. na saa, kupiga filimbi, kusikiliza, kisha kuendelea. Tukifika mwisho mstari ungegeuka na kurudi kwa upande wa juu wa tepe zangu, na wewe ungetembea sambamba nazo, uzifungue moja moja na kuzitia mkebeni. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Utepe uliofunguliwa, pamepitwa pande zote mbili. Utepe uliobaki mtini, upande wa juu hakuna aliyekanyaga.

Nilifunga arobaini na moja. Tulipofika mwisho ukanituma nishuke kwa njia ya farasi nikashike redio kambini, kwa kuwa Hattie, mshika redio wetu, alikuwa anaumwa. Theluji ikaanza. Saa kumi mkarudi mmeganda, ukauweka mkebe mezani, ukachukua penseli ya kijani na kulipaka eneo la saba lote, kwamba limekwisha.

Niliuhesabu mkebe, Nels. Sikuwa na shaka nawe, yalikuwa mazoea tu ya mtu aliyezifunga. Zilikuwamo ishirini na sita. Nikakuuliza zile kumi na tano ziko wapi, ukanijibu huku unavua viatu, "Upepo umezichukua." Upepo gani huo! Mafundo yangu wewe mwenyewe ulikuwa unayalaani kila ukiyafungua na glovu.

Nikanyamaza kwa sababu ni wewe. Nikanyamaza kwa sababu kesho yake theluji ilifika kiunoni. Baadaye nikahamia mjini nikaanza kuandika habari za watu waliouawa ambao hawakuwahi kuwepo. Vitabu sita, na katika kila kimoja kuna mtu anahesabu kitu na kukuta kimepungua. Hiki cha saba nimekitaja kitu chenyewe.

Gazetini sitaandika neno. Nataka jibu la swali moja tu. Tepe kumi na tano ziko wapi?

Dada yako,
Thora


Larch Fork
2 Aprili 1997

Thora,

Leo afya sikuulizi, na Mama anisamehe huko aliko.

Nimeongoza misako mia moja na kumi na mbili. Watu sitini na wanane wanatembea leo juu ya ardhi kwa sababu ya kikosi hiki, na wewe umekaa Boise kwenye kiti cha matakia unanihesabia tepe! Unajua ilivyo kuwa na watu sita nyuma yako kwenye theluji isiyokuonyesha hata mkono wako mwenyewe? Hujui. Ulikuwa kambini, karibu na jiko.

Na kama ulijua, mbona ulikula pai? Oktoba 1990 ulikaa benchi moja nami, kulia kwangu. Ulikula kipande cha Bi Wilma ukaramba na uma, ukamwambia, "Mama, hakuna mwingine anayeoka hivi." Nilikusikia kwa masikio yangu. Hesabu yako ulikuwa nayo kichwani siku ile, ukaimeza pamoja na pai. Umeiweka miaka saba, kisha umeiuza na picha yako nyuma ya jalada, umeshika kidevu kama mtu mwenye huruma. Mimi sijawahi kumuuza Dale Ostrander. Wewe umemuuza.

Shati lako la chungwa la kikosi lilikuwa bado kwenye msumari wake kibandani. Nimelishusha.

Usiniandikie.

Nels


Boise
16 Juni 1997

Nels, mdogo wangu,

Uliniambia nisikuandikie, nimetii miezi miwili na nusu. Natumaini u mzima na farasi wamepita vizuri masika. Kuhusu pai umesema kweli tupu. Nililia siku nzima kwa hasira, kwanza juu yako, halafu, baada ya kusoma tena, juu yangu. Nilikula na nilimsifu. Sina pa kulificha hilo.

Ila leo naandika kwa sababu Bi Wilma alikuja hapa Alhamisi.

Amesafiri kwa basi muda wa saa sita kutoka huko, na mkoba wake mweusi wa kanisani. Sikumtambua mlangoni, amekonda sana. Nikamkaribisha chai, akakataa sukari, akatoa kitabu changu. Amekipigia mistari kwa penseli kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akafungua pale pale, mia mbili na kumi, akaniwekea kidole.

"Hii ya tepe," akasema, "umeitunga?"

Nels, mimi nadanganya kwa riziki. Ningeweza kumpa jibu zuri likamrudisha nyumbani akalala. Nikakitazama kile kidole, nikashindwa.

"Hapana, Bi Wilma. Hiyo sikuitunga."

"Zilibaki ngapi?"

"Kumi na tano."

"Za rangi gani?"

"Chungwa."

Akanywa chai yote. Kisha akasema, "Nels anapenda pai yenye mdalasini. Wengine hawapendi. Kwa hiyo yake nilikuwa namwokea peke yake, kwenye sahani ndogo." Hapo ndipo alipoinuka, na sauti ikatoka ambayo sikujua mwili ule mdogo unaweza kuibeba. "Nilikuwa nawashukuru! Miaka saba napanda mlimani kuchuma beri ili niwashukuru! Mlikuwa mniache nishukuru mpaka nife?"

Alisema mlikuwa mniache. Alitutia sote wawili. Nilikuwa na aibu, na bado ninayo.

Sasa nisikilize. Upande ule wa kaskazini theluji huisha katikati ya Julai. Nyonga yangu imepangiwa tarehe 8. Nitaiahirisha na nitapanda na fimbo, kwa makalio ikibidi, nianze utepe wa kwanza. Niliufunga mimi, nitauona. Au utapanda wewe na watu wanaojua kutembea. Mama yule ana miaka sabini na minne, Nels. Anataka mwanawe. Hataki kitu kingine duniani, na mimi na wewe ndio tunaojua pa kutafuta.

Dada yako, hata ukikataa,
Thora


Larch Fork
29 Juni 1997

Dada Thora,

Usiahirishe nyonga. Kapasuliwe. Goti langu litafika huko juu, na kama halifiki nitalikokota. Mstari ule ni wangu, niliuacha katikati mimi, usiniingilie.

Umeniuliza Machi, nakujibu leo. Tepe kumi na tano ziko mtini.

Tulianza kurudi vizuri. Nilifungua kuanzia ule wa mwisho kushuka chini, arobaini na moja, arobaini, na kuendelea. Kufika wa ishirini theluji ilikuwa inaingia machoni, sauti ya mwenzako husikii. Emmett Lund wa mstarini aliacha kutetemeka, na unajua mtu akiacha kutetemeka baridi imeshaanza kumuua. Midomo yake ilikuwa ya bluu na alikuwa ananiita kwa jina la mkewe. Nilipofungua wa kumi na sita nikasimama. Nikawaambia, "Tumemaliza, shukeni njia ya farasi." Nani angebisha? Aliyekuwa anaziona tepe ni mimi peke yangu. Wale sita mpaka leo wanaamini tulimaliza.

Kuwashusha halikuwa kosa. Ningewashusha tena kesho. Emmett ana wajukuu wanne sasa.

Kosa ni penseli. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuja mezani akaniuliza, "La saba limekwisha?" Ningesema bado sehemu ya kwanza, angetaka watu wapande tena katika tufani ile, ndivyo alivyokuwa, na ningezika waokoaji. Nikajiambia, ngoja nipake, alfajiri nitapanda mwenyewe nimalize, hakuna atakayejua. Nikapaka. Usiku ule ikaanguka theluji ya kiuno. Tukaendelea kumtafuta siku tatu zaidi, upande mwingine wa mlima, Thora, upande mwingine, kwa sababu ramani ilisema huku tumeshapita! Na mimi niko pale, nawapangia zamu, na ulimi ninao mdomoni.

Utauliza mbona sikupanda masika. Nilipanda. Juni 1990, peke yangu, na farasi. Nikauona utepe wa kwanza kutoka mbali, nikageuza farasi. Niliogopa kumkuta. Niliogopa zaidi kumkuta na kitu kinachoonyesha kwamba Jumapili ile alikuwa hai. Oktoba ikaja na pai, nikala. Ukishakula ya kwanza, ya pili unaikataaje?

Nilikutukana kwa sababu ulisema kweli, na kwa sababu ulichelewa kuisema. Hilo la pili bado limenikaa kooni, sitajifanya limetoka.

Jana nimewaita wote kibandani nikawaambia. Buck alitupa kofia chini. "Mimi nilikuwa kwenye mstari ule!" akapiga kelele. "Miaka yote hii umenifanya mwongo na mimi sijui!" Hattie akasema, "Toka nje, Nels, tuongee." Nikatoka nikasimama na farasi. Baada ya muda akatoka Buck, hakunitazama usoni. Akasema, "Jumamosi tarehe kumi na tisa Julai. Wewe utaonyesha njia tu. Mstari nitauongoza mimi."

Kwa Bi Wilma nilikwenda jioni. Hakunikaribisha ndani. Amesema atapanda nasi, na sikuwa mtu wa kumkatalia.

Mdogo wako,
Nels


Boise
22 Agosti 1997

Nels, mdogo wangu,

Nimerudi nyumbani, natembea na magongo mawili, jirani ananipikia supu ambayo hata mbwa angeikataa. Wewe goti lilikubali? Hukuandika, na simu ukiinua unaikata ukisikia ni mimi.

Gazeti la huko nimeletewa. Mistari minne. Mabaki ya mwindaji aliyepotea 1989 yamegunduliwa na wanakijiji. Ni hayo tu! Ukurasa wa sita, chini ya bei za nyasi.

Niambie alikuwa wapi. Usinipunguzie na usinihurumie. Nimeandika vitabu saba ambavyo mwishoni kila mtu anaambiwa kila kitu, na hapa nimeachwa na mistari minne.

Dada yako,
Thora


Larch Fork
13 Oktoba 1997

Dada Thora,

Nyonga ya chuma inaonaje baridi? Goti lilifika juu na limenilipizia kisasi tangu hapo. Nisamehe kimya. Kila nikianza barua hii nilikuwa nafika mstari fulani nikaenda kupiga farasi brashi. Wanang'aa sasa kama viatu vya harusi.

Umesema nisikuhurumie, basi.

Tulikuwa kumi na moja. Bi Wilma alipanda farasi wangu mzee mpaka utepe wa kwanza, hapo akashuka. Utepe umepauka umekuwa rangi ya mfupa, lakini kwenye mkunjo wa fundo herufi zako zinasomeka. Buck akaniita nikaufungue, ndiyo desturi, Bi Wilma akanyoosha mkono kunizuia. "Nafungua mimi," akasema. Akavua glovu. Thora, mafundo yako! Alitumia meno. Tulisimama kumi sote tukimngojea kwa kila utepe na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Alikuwa juu ya utepe wa tisa. Hatua thelathini, nimezipima mwenyewe. Msonobari mkubwa ulioanguka, na yeye upande wa pili wake. Mguu ulivunjika chini ya goti, alikuwa ameufunga vijiti kwa mkanda wa bunduki. Bunduki alikuwa ameiegemeza vizuri, mtoto aliyefundishwa. Kwenye kitako cha bunduki amekata alama kwa kisu. Tano. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

Nilikaa chini. Hakuna aliyeniinua na sikutaka kuinuliwa.

Utepe wa tisa umeandikwa T.H., saa nne na dakika arobaini. Bi Wilma aliusoma, akatazama ule msonobari, akatazama utepe tena. "Mlikuwa mnapiga filimbi kila mkifunga," akasema. "Thora aliandika hivyo kitabuni." Nikamwambia ndiyo. "Kwa hiyo alisikia?"

Nikaanza kumwambia habari za kijito, kwamba Oktoba ile kilikuwa kimejaa, kinanguruma, kwamba sauti yake yeye isingetufikia. Akanikatiza. "Sijakuuliza kama nyinyi mlimsikia. Nimekuuliza yeye."

"Ndiyo," nikasema. "Hatua thelathini, filimbi ile mtu anaisikia."

Sikufichi hilo kwa sababu ni lako pia na ungenichukia kulificha. Haikuwa kosa lako kupita. Upande ule ulikuwa wa kurudi, na aliyekuwa arudi ni mimi. Alisikia filimbi yako na akajua mtu yupo, na akakaa akingoja mstari ugeuke, maana Dale alikuwa amefanya mazoezi nasi msimu mmoja, alijua tunavyofanya kazi. Alijua tutarudi na upande wa juu. Akangoja siku mbili. Nikiwaza hilo napandwa na hasira ambayo sijui niielekeze wapi, kwa hiyo naielekeza kwangu na inatosha.

Wakati Buck anaita helikopta, Bi Wilma aliinuka na kuendelea kwenye utepe wa kumi. Hattie akamwambia, "Mama, ameshapatikana, pumzika." Akajibu, "Zimebaki sita." Akazifungua zote mpaka wa kumi na tano. Anazo kwake kumi na tano zote, sisi hatukupewa hata moja.

Dale tulimzika Agosti. Nilisimama nje ya uzio. Uongozi nimeukabidhi kwa Buck, na siku hizi mkebe unahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu kabla ya penseli kuguswa. Ni jambo dogo sana. Lingekuwa kubwa miaka minane iliyopita.

Sasa kuhusu kifurushi kilichokuja na barua hii.

Jana ilikuwa Jumapili ya pili ya Oktoba, siku ya pai. Tulikuwa kibandani tunakarabati kamba, hakuna aliyetaja siku. Saa tisa mlango ukafunguliwa, Bi Wilma, na kikapu. Tukasimama wote kama watoto wa shule. Akakata pai, akawapa mmoja mmoja, akamaliza, kisha akatoa kwenye kikapu ile sahani ndogo. Nilisikia mdalasini kabla hajaifunua.

"Bi Wilma," nikasema, "siwezi."

"Kaa."

Nikakaa.

"Miaka saba umeila mimi sijui ninachokulisha," akasema. "Leo tunajua wote. Kula."

Alisimama mbele yangu, amekunja mikono kifuani, mpaka nilipomaliza. Nilikuwa nalia na kutafuna, na kila nikipunguza mwendo alikuwa anasema, "Bado." Nilipoweka uma chini akaichukua sahani, akaitazama kama imebaki chembe, akaipangusa na kuirudisha kikapuni.

Mlangoni akageuka akanipa kipande kilichofungwa kwenye karatasi ya nta. "Hiki cha dada yako," akasema. "Mwambie ale chote."

Nikamuuliza kama ana ujumbe mwingine kwako, labda kuhusu kitabu. Amesema hakukimaliza. Aliishia pale kwenye tepe, na hana haja ya kujua muuaji alikuwa nani.

Kimo humu ndani, chini ya shati lako la chungwa, nimekizungushia ili kisivunjike. Kitakufikia kimekauka. Ukile hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Nels